Herufi F Katika Darasa la Mwalimu Dorina

Ninyi walimu vijana mnaopita hapa nyumbani kunisalimia, swali lenu huwa ni moja: Mzee, Kiingereza ulikifundisha vipi hadi watoto wakakielewa? Naona mnavyonitazama, kana kwamba nimeficha dawa mahali. Dawa sina. Ninayo habari ya herufi moja tu, F, ile inayokaa mwishoni mwa maneno ya Kizungu ikasumbua watu, na habari ya mwalimu aliyeielewa kuliko sisi sote, halafu tukampoteza. Vuteni viti. Chai inakuja.

Mimi ni Zablon Odongo. Nilifundisha katika shule ya msingi upande wa Kombewa, si mbali na Kisumu, mahali ambapo ukisimama mbele ya darasa la sita na dirisha likiwa wazi, unaliona ziwa lote, na watoto nao wanaliona, ndiyo maana ukitaka wakusikilize lazima uwe na jambo zuri kuliko ziwa. Wengi wetu hatukuwa nalo.

Aliyenipokea kazini alikuwa Mwalimu Elisha, mzee mwembamba aliyekuwa karibu kustaafu. Kila kitu alikifundisha kama mkulima. Wiki yangu ya kwanza aliniambia, "Odongo, usiwape watoto sheria ya kitabuni. Wape jembe."

Jembe lenyewe, la kupata wingi wa neno, lilikuwa hili: F ing'oe, V ipande, ES imwagie maji. Ukiwa na leaf, unang'oa F, unapanda V, unamwagia ES, inaota leaves. Loaf, loaves. Thief, thieves. Half, halves. Watoto waliimba huku wakiinama na kuinuka kama watu wanaopalilia, na mpita njia angedhani shule nzima inalima mahindi mle ndani.

"Na roof je?" nilimuuliza. "Na chief, na proof, na belief?"

"Hao ni wakwe," alisema Elisha. "Mkwe humgusi. Unamsogezea S ukiwa mbali, mkono umeunyoosha hivi, halafu unaondoka."

Nilicheka siku hiyo, lakini mbinu ile ilinilisha miaka mingi. Baadaye nikajiongezea yangu. Niliwaambia wanafunzi kwamba belief haiwezi kuwa believes kwa sababu kiti hicho kimeshakaliwa: believes tayari ni kitendo, mtu anaamini. Proof nayo hivyo hivyo, kwa sababu proves iko kazini. Nilijiona mwerevu sana mpaka mvulana mmoja wa nyuma akainua mkono akauliza, "Mwalimu, na leaves? Si mtu pia anaweza ku-leave?" Nikamtuma akapige kengele, ingawa saa ya kengele ilikuwa bado.

Mambo yalibadilika mtaala mpya ulipokuja, katikati ya miaka ya themanini, na mtihani ukawa wa kuchagua jibu moja kati ya manne. Hapo F ikawa mtego. Mtoto akiwekewa roofs na rooves pamoja, rooves inamvutia zaidi, inaonekana imesoma. Jembe la Elisha lilikuwa limewazoesha kung'oa kila kitu. Nikawa nafundisha wanaong'olewa wiki moja, na wakwe wiki inayofuata, nikidhani nimemaliza.

Wiki ile ya wakwe, msichana mmoja wa darasa la sita hakuja shuleni. Alishikwa na malaria. Jina lake Akoth. Mtoto makini, mwenye sauti inayofika mbali, na kwa sababu ya sauti hiyo Mwalimu Mkuu alimchagua asome hotuba ya kumkaribisha chifu, siku tulipofungua madarasa mapya.

Chifu wa enzi hizo ninyi hamkumjua. Akikohoa, kijiji kizima kinajiuliza nani amekosa. Alifika na manaibu wake wawili, wakaketi mbele kabisa chini ya turubai. Hotuba niliiandika mimi, na niliandika chiefs, vizuri kabisa. Lakini Akoth alipoipitia kabla ya kupanda jukwaani aliona mwalimu wake amekosea. Alichukua penseli akanisahihisha. Aling'oa, akapanda, akamwagia maji. Halafu akasimama, akashika kipaza sauti kibovu cha kanisa, akawakaribisha kwa Kiingereza, kwa ile sauti yake inayofika mbali: tunawakaribisha kwa heshima kubwa "our chieves".

Chieves si neno. Na sikio likikosa neno linalolijua hushika lililo karibu. Wazazi wote waliokuwa nyuma walisikia thieves. Wezi wetu.

Kama wangenyamaza, pengine ingepita. Lakini mzazi mmoja aliangua kicheko, na kicheko ni kama moto wa nyasi. Naibu mmoja akainama akauliza, "Amesema nini huyu mtoto?"  Zamu ya chifu ilipofika alisema maneno machache tu: "Nimesikia jina mlilonipa." Akaketi. Soda aliyowekewa hakuigusa.

Nilikwenda kumweleza siku ya pili yake. Nilimweleza habari ya F, V na wakwe mpaka jasho likanitoka. Alinisikiliza, akasema, "Mwalimu, mimi Kiingereza nakijua." Nikajua hajaridhika.

Akoth hakuchapwa, namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini wenzake walimwimbia "chieves, chieves" njia nzima ya kwenda nyumbani, na kutoka siku hiyo mdomo wake ulifungwa. Nikimuuliza swali, anasimama, anatazama ziwa, anasubiri nimwambie keti.

Mwalimu Mkuu aliona ni vema darasa lile lipate mwalimu mwingine wa Kiingereza. Mimi nikabaki na la saba na la nane, na la sita akapewa mgeni, Mwalimu Dorina Atieno. Alikuwa mama kijana, mume wake akifanya kazi kiwandani mjini Kisumu, na mtoto wao mdogo alimwacha kila asubuhi kwa mama mkwe wake, mwendo mfupi kutoka shuleni.

Niliposema naye mara ya kwanza kuhusu darasa hilo nilimpa jembe la Elisha, kama mimi nilivyopewa. Alilisikiliza kwa adabu. Kisha akaniuliza, "Lakini Mwalimu, kwa nini F inageuka V? Kwa nini isiwe B, au M?"

Niseme kweli, nilikuwa sijawahi kujiuliza.

Dorina alikuwa amejiuliza. Aliingia darasani na jani, kisu na mkate mzima, akawaambia watoto waweke vidole kooni. "Sema leaf. Koo linafanya nini mwishoni?" Koo limelala. "Sema leaves." Koo linatetemeka, limeamka. Lakini hapo palikuwa na shida ambayo sisi sote tuliijua. Dholuo, lugha yetu Wajaluo, haina V. Mtoto wetu akisema leaves, inatoka leafs, koo limelala vilevile. Walimu tulikuwa tukiwachapa kwa hilo, kana kwamba koo ni utundu.

Yeye hakuwachapa. Siku moja nilikuwa nikipita nje ya darasa lake nikamsikia akiuliza, "Mlima mmoja kwa Dholuo ni nini?"

Darasa likanyamaza. Lazima niwaeleze kwa nini. Kuanzia darasa la nne, mtoto aliyenaswa akisema Dholuo shuleni alivishwa shingoni kipande cha mbao chenye kamba ya katani. Tulikiita disk. Alikivaa mpaka amnase mwenzake, na jioni waliokivaa wote wanapewa adhabu. Kwa hiyo mwalimu kuuliza neno la Dholuo ndani ya somo la Kiingereza ilikuwa kama polisi kukuuliza njia ya kwenda kwenye chang'aa, pombe ya magendo. Unadhani ni mtego.

"Hakuna atakayevaa kitu," Dorina alisema. "Mlima mmoja?"

"Got," mmoja akasema polepole.

"Milima mingi?"

"Gode."

"Fimbo moja?"

"Luth."

"Nyingi?"

"Ludhe!"

"Kitabu ni buk. Vingi?"

"Buge!"

"Sasa wekeni vidole kooni. Got. Gode. Luth. Ludhe. Koo linafanya nini?"

Nilisimama pale nje, mkono wangu mwenyewe uko kooni. Got, koo limelala. Gode, limeamka. Lugha yangu niliyonyonya nayo, na sikuwahi kuisikia hivyo.

Ndipo nikaona msichana akisimama bila kuitwa. Akoth. "Mwalimu! Kumbe hata Kizungu iko na got na gode!"

Darasa zima likacheka, lakini si kile kicheko cha siku ya chifu. Dorina naye akacheka. Akamwambia, "Ndiyo. Sasa nisaidie kuwafundisha hawa V." Nami ninawaambia, katika wiki chache watoto wale walisema leaves, knives, calves na koo likiwa macho, kwa sababu walikuwa wameambiwa kwamba koo lao tayari linajua kazi.

Na wakwe? Hao Akoth aliwapatia jina mwenyewe. Chungu kwa Dholuo ni agulu, na vyungu ni agulni. Hakuna kinachogeuka katikati, unaongeza tu mwishoni. Kwa hiyo mambo yakawa rahisi. Dorina akitaja neno, watoto wanajibu. Leaf? "En got!" Wolf? "En got!" Roof? "En agulu!" Yaani hiyo ni ya kundi la mlima, na hii ni ya kundi la chungu. Mimi nilianza kuifundisha hivyo kwa sauti ya chini katika darasa la saba, mlango umefungwa.

Habari ya hotuba ilikuwa imefika ofisi ya elimu, ikiwa imenenepa njiani. Mkaguzi akatumwa aje aangalie Kiingereza cha shule yetu. Nilitembea naye mimi na Mwalimu Mkuu. Tulipokaribia darasa la sita alituashiria tunyamaze, akasimama kando ya dirisha kusikiliza.

Ndani Dorina aliuliza, "Chief?"

Na darasa lote, Akoth akiwa wa kwanza, likapaza sauti: "Chief en agulu!"

Mkaguzi alikuwa mtu wa kwetu. Alisikia vizuri kabisa: chifu ni chungu.

Aliingia. Watoto wakasimama. Aliuliza kama hili ni somo la Kiingereza. Dorina akasema ndiyo, akaanza kumweleza, kwa utulivu, milima na fimbo na koo. Mkaguzi hakumwacha amalize.

"Disk iko wapi?"

Kiongozi wa darasa akaleta. Nilidhani atauliza ni mtoto gani aliyesema. Badala yake aliishika kamba, akamnyooshea Mwalimu Dorina. "Sheria ni ya kila mtu, Mwalimu. Nani ameanzisha Dholuo hapa?"

"Ni mimi," Dorina alisema.

"Basi vaa."

Nilisema, "Bwana Mkaguzi, watoto hawa wameelewa. Waulize neno lolote, sasa hivi."

"Sikuja kuuliza watoto."

"Waulize moja tu."

"Mwalimu Odongo," Mwalimu Mkuu akanikatiza, "tafadhali."

Akoth alitoka kwenye dawati lake. Alimwambia mkaguzi, kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko chochote nilichowahi kumfundisha, kwamba neno agulu ni lake, yeye ndiye aliyelileta, na kwa hiyo disk ni haki yake avishwe yeye. Akanyoosha mkono aichukue. Dorina akaushika ule mkono taratibu, akamwambia, "Rudi ukae, nyathina." Mwanangu. Kwa Dholuo, mbele ya mkaguzi. Kisha akainamisha kichwa akaivaa mwenyewe, akaokota chaki, akaendelea na somo mpaka kengele. Hakulia. Watoto ndio waliolia.

Ofisini nilizungumza tena. Sikunyamaza, hilo nataka mlijue. Nilieleza kila kitu, hata nikawaomba wazee wale wawili washike makoo yao. Mwalimu Mkuu alishika, mkaguzi akakataa. Upande wa pili wa ukuta walimu wenzetu walikuwa wakinywa chai. Niliwasikia wakisogeza vikombe, na nilijua wanatusikia. Wote walikuwa wamependa kazi ya Dorina. Baadhi walishaanza kuitumia katika hesabu na sayansi. Lakini sauti ya mtu mmoja katika ofisi ni malalamiko. Kama mlango ule ungefunguliwa, wakaingia wote na vikombe vyao mkononi, ingekuwa habari nyingine. Jambo hilo nimeliwaza nikilima, nikisali, nikipigwa na usingizi.

Barua ya uhamisho wa Dorina ilikuja kabla ya muhula kwisha. Shule waliyompangia ilikuwa mbali, kupita Bondo, upande wa kisiwani, na mtoto wake alikuwa bado ananyonya. Mume wake hakukubali, na mimi simlaumu. Dorina aliomba apewe muda. Hakupewa. Akaacha kazi. Siku ya mwisho alipita madarasani akasalimia watoto mmoja mmoja kwa mkono, kama watu wazima. Akoth alikuwa wa mwisho. Sikujua waliambiana nini.

Darasa la sita nilirudishiwa mimi. Na Akoth alifaulu Kiingereza, alifaulu vizuri, akaenda sekondari upande wa Maseno. Sasa hivi ni mama wa watoto wakubwa. Hakuwa mwalimu, ingawa nilimsihi. "Japuonj," aliniambia, kwa sababu ndivyo wanavyoniita siku hizi bila woga, yaani mwalimu, "mimi niliona walimu wanavyofanywa."

Miaka ikaenda. Katika miaka ya tisini tulipata Mwalimu Mkuu mwingine, kijana, mtu wa kusoma. Siku moja nilimsimulia habari ya got na gode, akaruka kwenye kiti. "Huyo mama yuko wapi? Mlete. Nitaandika ofisini mimi mwenyewe." Nilitoka mle ofisini kama mtu aliyeambiwa mgonjwa wake amepona.

Nilikuwa nimesikia kwamba Dorina anauza mitumba Kibuye, lile soko kubwa la Kisumu. Jumapili, baada ya kanisa, nikaenda. Mnakijua Kibuye cha Jumapili: unaweza kumtafuta ndugu yako wa tumbo moja mpaka jua lizame. Nilimpata karibu na wauza viatu, amesimama nyuma ya lundo la sweta za watoto, amenenepa kidogo, kitambaa kichwani, anaita wateja kwa Dholuo, akiona Mhindi anageuza kwa Kiingereza, akiona Mluhya anageuza kwa Kiswahili.

"Odongo!" alisema. "Umezeeka vibaya."

"Na wewe umenona vizuri."

Tulicheka. Alinikalisha juu ya bunda ambalo halijafunguliwa. Nilimpa habari zote kwa pumzi moja: mkuu mpya, barua, darasa la sita linamngoja. Nikamwambia sheria zimelegea, hakuna mkaguzi atakayemgusa, nitasimama naye, na safari hii walimu wote watasimama naye, nimeshazungumza nao mmoja mmoja.

Alinisikiliza akikunja sweta. Alikunja nyingi.

"Ungekuja mwaka ule nilioacha," alisema, "ningekuja mbio, viatu mkononi. Mwaka wa pili pia. Nilikuwa nafundisha wanangu peke yao nyumbani mpaka wakanichoka."

"Bado hujachelewa."

"Darasa nalipenda, Odongo. Usidhani hapa nimepona. Lakini nikisimama pale sasa, nitafundisha sikio moja likiwa dirishani. Kila jani likianguka nje nitageuka. Watoto wataona. Mwalimu anayeogopa anafundisha woga, hata kama ameandika Kiingereza ubaoni."

Nilichukua sweta moja, nami nikaanza kukunja. 

"Fundisha wewe," alisema. "Si unaijua?"

"Naijua. Lakini haitoki kama ilivyotoka kwako."

"Hapana," alikubali, bila majivuno wala huruma. "Haiwezi."

Upepo ukaja kutoka ziwani na matone makubwa yakaanza kupiga mabati. Soko zima likapiga kelele. Dorina akarusha nailoni juu ya lundo, akanitupia ncha moja. "Shika hapo, usiachie!" Nikashika. Yeye akashika upande wa pili, na mvua ikamwagika kati yetu na wateja. Kwa kelele za mabati hatukuweza kusikilizana tena. Mwalimu bora niliyepata kufanya naye kazi alikuwa mbele yangu, maji yanamtiririka usoni, akichungulia chini ya nailoni kuona kama sweta za watoto wa watu zimelowa.